Mjomba wangu alisingiziwa kutia maji kwenye dawa ya klorini, grafu ikamtetea

Wakuu, salamu kwenu wote, wazima na mnaojiuguza.

Juzi kijana mmoja humu alileta malalamiko. Anasoma kemia, kachoka, akauliza hivi hii habari ya kutafuta order ya reaction na ile k itakuja kumsaidia wapi maishani. Mkamcheka. Mmoja akamwambia aache shule akalime vitunguu.

Mimi sikucheka. Nilizima simu, maana nilimkumbuka Mjomba Humadi, Mungu amrehemu.

Basi nimeona niwaletee kisa hiki. Majina nimebadili, kiwanda sitakitaja hata mkiniomba kwa machozi. Mengine yote ni kama yalivyonipata, na asiyetaka kuamini ruksa, sitagombana na mtu.

Twende taratibu, mimi si mwandishi. Chai yangu iko hapa pembeni.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama mtu mzima, naishi Tanga kwa mume miaka mingi sasa, lakini nimezaliwa Mahajanga, Madagascar. Wazee wetu ni watu wa Ngazija. Nyumbani tuliongea Kikomoro, mtaani Kimalagasi, kazini Kifaransa. Kiswahili hiki mnachokisoma nimefundishwa na mawifi zangu wa Tanga, kwa hiyo nikikosea walaumuni wao. Na maneno ya watu nitakayoyaleta hapa hayakusemwa kwa Kiswahili, nayaleta kwa lugha mnayoijua.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi wa lab kwenye kiwanda cha kamba Mahajanga. Kamba hawa wa baharini, wanasafishwa, wanagandishwa, wanapelekwa Ulaya.

Kiwanda kilikuwa na kituo kidogo Nosy Be, kile kisiwa cha kaskazini ambako hewa yote inanukia maua ya mlangilangi. Kamba wa upande ule, hata wale wa wavuvi wa kisiwa jirani cha Nosy Sakatia, walipokelewa pale, wakaoshwa, ndipo wakaletwa kwetu na meli yenye majokofu.

Mtunza stoo wa kituo kile alikuwa Mjomba Humadi, kaka yake mama yangu.

Mjomba ndiye aliyenisomesha. Baba alifariki nikiwa mdogo. Kisha, miaka ya sabini ikiwa imevuka katikati, ukaja ule wakati ambao Wakomoro wenzetu wengi walikimbia vurugu wakaondoka Mahajanga, na mnaojua historia mnajua, sitaki kuchimbua. Sisi tuliobaki tulijifunza kutembea taratibu na kutotajwa vibaya. Mjomba akaenda Nosy Be kutafuta utulivu, akapata kazi ile ya stoo, na kila mwezi akatuma kitu mpaka nikamaliza shule ya ufundi.

Sasa, tabia yake. Hapa ndipo kisa chote kilipo, kwa hiyo msiruke.

Babu yangu, baba yake Mjomba, alikuwa muuza maziwa Mahajanga. Mnajua wauza maziwa wanavyosemwa. Babu hakuwahi kutia maji kwenye maziwa hata tone, na watu walitoka mbali kuja kununua kwake kwa sababu hiyo tu. Aliwalea wanawe hivyo hivyo. Kutia maji kwenye mali ya mtu, kwake, ni wizi na ni dhambi, na heshima ya nyumba imekwisha.

Mjomba alilibeba hilo akaliingiza stoo.

Kwenye stoo kulikuwa na mapipa ya Javel. Javel ni maji ya klorini, ndugu ya hii dawa mnayofulia mashuka meupe. Kiwandani tuliitumia kuoshea meza, sakafu, vyombo, na kuua vijidudu kwenye maji ya kuoshea kamba. Ilikuja kali sana, digrii arobaini na nane. Msijali hizo digrii ni nini, jueni tu namba ikiwa kubwa dawa ni kali.

Mahajanga tulikuwa na desturi: pipa likifika, siku hiyo hiyo tunalichanganya na maji, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu za maji, inabaki digrii kumi na mbili. Kwa nini tulifanya hivyo? Hakuna aliyeuliza. Wakubwa waliotutangulia walifanya hivyo, nasi tukafanya.

Nosy Be nao walikuwa na karatasi ukutani inayosema wafanye vile vile. Mjomba aliisoma akaipuuza. Alisema mali imekuja kali, itakaa kali, na yeye atachanganya kwenye ndoo asubuhi ya kazi, kikombe kimoja kwa ndoo, mbele ya watu. Pipa hatalitia maji. Hakutaka mtu aje kumwuliza maji haya umeyatia wewe au yamekuja nayo.

Nyie, angalieni dunia ilivyo.

Mzigo mmoja wa kamba kutoka Nosy Be ulifika Mahajanga umejaa vijidudu. Ukakataliwa wote. Tani za kamba zikaenda kufukiwa ardhini nje ya mji, upande wa Belobaka, watu wanatazama kwa uchungu.

Uchunguzi ukaanza. Chupa ya Javel ikachukuliwa kutoka pipa la Nosy Be, ikaja lab, ikapimwa.

Digrii kumi na mbili. Robo ya nguvu yake.

Kumbe asubuhi zote zile Mjomba alikuwa anatia kikombe kile kile kwenye ndoo akidhani ni dawa kali, na kamba wanaoshwa kwa maji yasiyoua kitu.

Na alikuwa ameshawaambia watu wote kisiwani, kwa kujivuna kabisa, kwamba pipa lake halijatiwa maji. Sasa pipa lina robo ya nguvu. Mtu anajumlisha moja na moja: mzee anauza dawa kwa madobi na wenye hoteli, kisha anajazia maji kuficha.

Aliyelisema hilo kwa sauti alikuwa Justin, msimamizi wa vyumba vya barafu pale kituoni. Sikumchukia wakati ule na simchukii leo. Kama si dawa, basi lawama ya kamba walioharibika ingemwangukia yeye na barafu yake, na ana watoto. Lakini alisema, na likienda neno kisiwani halirudi. Watu wakaanza kusema lisemwalo lipo.

Mjomba akasimamishwa kazi. Mkuu wa kituo akampa chaguo: akubali aondoke kimya kimya, au suala liende polisi.

Mkubwa wangu wa lab aliitwa Madamu Vololona, mtu wa nyanda za juu, mwembamba, miwani mikubwa, haongei ila anapohitajika. Mwadilifu sana. Alikuwa anajua Mjomba ni nani kwangu. Akaniita akaniambia kwa upole kwamba suala hili nisiliguse. Nitaosha chupa tu, vipimo atachukua yeye. Nikasema ndiyo, Madamu. Ningesema nini?

Na alifanya jambo la haki. Alisema kabla hatujamwita mtu mwizi, tujue dawa hii inajipotezea nguvu kiasi gani yenyewe ikikaa kwenye joto.

Akachukua Javel yetu ya lab, akaiweka kwenye beseni la maji lililoshikiliwa kwenye joto lile lile la stoo ya Nosy Be, ile ya mabati. Akaiacha wiki sita.

Wiki sita zikaisha. Ilianza kumi na mbili, ikafika tisa na ushei. Imepoteza moja ya tano.

Akapiga hesabu yake. Kila wiki sita inapotea moja ya tano ya kilichopo. Pipa la Nosy Be, kwa tarehe ya kupokelewa, lilikuwa limekaa vipindi vitatu vya wiki sita. Toa moja ya tano, toa tena moja ya tano ya kilichobaki, toa tena. Inabaki nusu. Arobaini na nane inakuwa ishirini na nne na kidogo.

Lakini pipa lilikutwa na kumi na mbili.

Kwa hesabu ile, nusu ya kilichomo kwenye pipa la Mjomba ni maji ya kutiwa.

Wanafunzi mmeiona? Hii ndiyo first order. Unachukulia kwamba kila kipindi kinapotea kifungu kile kile, iwe dawa kali au nyepesi. Vitu vingi vinaenda hivyo, na Madamu alikuwa amevifanyia kazi miaka na miaka. Hakuwa mjinga, msimcheke.

Siku ile nilirudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza. Aliendelea kuchambua, kisha nikaona anatupa mchele na kuacha mawe.

Nilienda posta kumpigia Mjomba. Enzi zile unapanga foleni, unaingia kwenye kibanda, unapiga kelele mpaka mtaa mzima unajua ugomvi wenu. Nikamwambia majibu ya lab.

Aliyasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wazee wa msikiti wamemshauri ale yamini. Ashike Msahafu baada ya sala ya Ijumaa, aape mbele ya watu kwamba hakutia maji wala hakuuza. Alikuwa tayari.

Wakuu, kwetu kiapo si jambo la mchezo. Mtu anaweza kuwa mkweli kama jua na bado akaogopa kushika Msahafu kwa ajili ya maneno ya watu. Na ukishaapa hujamaliza. Mtoto wako akiugua homa mwaka ujao, watasema unaona. Kuku akifa, watasema unaona. Unaishi umri wako uliobaki watu wanakuangalia kama watakuona ukianguka. Mama alikuwa anasema kiapo hakina mshindi.

Nikamwambia asiape. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Mwanangu, ile dawa nimeiacha kama ilivyokuja. Kali, mbichi, sijaigusa hata kwa tone. Mimi nitaogopa nini kuapa?"

Nikakata simu. Nikalipa. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi za posta.

Kali, mbichi. Kama ilivyokuja.

Madamu alipima ya lab. Ya lab ilikuwa imeshachanganywa. Alipima nyepesi ili kuhukumu kali.

Subirini niwaeleze kwa nini hilo lina maana, na nitaeleza kama nilivyowaeleza mawifi zangu, ambao hawajasoma kemia hata siku moja.

Kuna vitu vinavyooza kila kimoja peke yake. Kiwe kimoja au elfu, kila kimoja kina zamu yake. Hapo kifungu kinachopotea hakibadiliki, hiyo ndiyo first order. Lakini kuna vitu ambavyo haviharibiki mpaka viwili vigongane. Kwenye soko lililojaa, watu wanagongana kila hatua. Soko likiwa na watu wachache, unapita asubuhi nzima hujaguswa bega. Dawa kali ni soko lililojaa. Ukitia maji umewatawanya watu. Hapo, nguvu ikipungua nusu, kasi ya kuharibika haishuki nusu, inashuka mpaka robo. Hiyo ndiyo second order.

Kama Javel ni ya kundi hilo la pili, basi dawa ya Mjomba ilijimaliza yenyewe kwa sababu hakuitia maji.

Lakini "kama" si ushahidi. Na mimi ni mpwa wa mtuhumiwa.

Kesho yake nilimfuata Madamu. Nikamwomba jambo moja: pipa jipya lilikuwa limeingia, halijachanganywa. Tuweke chupa mbili kwenye joto moja, moja kali kama ilivyo, nyingine tuipunguze nguvu nusu kwa maji, tuone kila moja inapoteza kiasi gani. Asome bureti, ule mrija wa kupimia, yeye mwenyewe. Mimi nitaosha chupa.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniambia nikaoshe chupa tatu, moja ya akiba. Huyo ndiye Madamu.

Wiki ya kwanza ikapita. Kali ilianza arobaini na nane, ikasomeka arobaini na moja. Imepoteza saba. Ya nusu ilianza ishirini na nne, ikasomeka ishirini na mbili na ushei. Imepoteza pungufu ya mbili.

Sasa wewe kijana wa vitunguu, fikiri. Kama ni first order, yenye nguvu maradufu ingepoteza maradufu. Hapa imepoteza karibu mara nne. Maradufu ya nguvu, mara nne ya kasi. Mbili mara mbili. Order ni mbili.

Mimi nilitaka kukimbia posta pale pale. Madamu akanizuia. Akasema mstari hauchorwi kwa nukta mbili, na kwamba yeye ameshakosea mara moja kwa haraka, hatakosea tena. Tutapima kila wiki mpaka zitimie wiki sita.

Mnaelewa maana yake? Wiki sita nyingine Mjomba amekaa barazani kwake bila kazi, na watu wanapita wanamsalimia kwa jicho la pembeni. Wiki sita za kuwaambia wazee wa msikiti sio Ijumaa hii. Mtu aliyesema yuko tayari kuapa, sasa anaahirisha. Kila Ijumaa anayoahirisha inamfanya aonekane mwongo zaidi.

Na mimi ndiye niliyemwomba aahirishe. Mama akaniambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na kama chupa zako zikikugeuka utakuwa umemmaliza kaka yangu. Alisema kwa utulivu tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili nilikuwa naenda Amborovy, ufukweni, nakaa naangalia watoto wa watu wanacheza. Sikuweza kukaa nyumbani na mama.

Chupa zikaendelea. Kali ikasomeka thelathini na sita, kisha thelathini na mbili, kisha ishirini na nane na ushei, inashuka lakini kila wiki inashuka kwa uvivu zaidi. Wiki ya sita ikawa ishirini na nne. Nusu kamili. Ya pili kwa muda ule ule ilitoka ishirini na nne ikafika kumi na sita. Haikupoteza hata nusu.

Madamu akatandika karatasi za grafu mezani. Akaniita. Mara ya kwanza tangu suala lianze, akanipa kalamu.

Tukachora kwanza kwa njia ya first order, ile ya logi. Kama ni yenyewe, nukta zinakaa kwenye mstari mnyoofu. Zilipinda. Kwa chupa kali ungeliona pindo hata ukiwa mlangoni.

Kisha tukachora moja gawanya kwa nguvu ya dawa. Hii ndiyo ya second order. Nukta zikapanda, zikakaa kwenye mstari mnyoofu, zimeyumba kidogo kidogo kama data ya kweli inavyoyumba. Chupa ya pili tukaichora juu ya karatasi hiyo hiyo. Ilianzia juu zaidi, lakini mstari wake ulipanda kwa mwinuko ule ule. Mistari miwili sambamba.

Ule mwinuko ndio k. Ndiyo hiyo constant ya kasi mnayokaririshwa. Chupa mbili tofauti, k moja. Hapo hakuna ubishi tena.

Madamu akachukua k yetu akairudisha kwenye Javel ya kumi na mbili aliyoipima mwanzo. Baada ya wiki sita, hesabu inasema tisa na ushei. Ndivyo alivyoikuta. Kwa hiyo kipimo chake cha kwanza hakikuwa cha uongo. Alichokosea ni kukibeba kutoka kwenye dawa nyepesi kukipeleka kwenye kali.

Kisha akageukia pipa la Nosy Be. Alianza kuandika, mimi nikawa nimeshaifanya kichwani. Na nyie mnaweza. Kwa second order, kipindi cha kwanza inabaki nusu. Cha pili haibaki robo, inabaki theluthi. Cha tatu inabaki robo. Nusu, theluthi, robo.

Robo ya arobaini na nane ni kumi na mbili.

Pipa la Mjomba lilikuwa na digrii kumi na mbili. Halikuwa na tone la maji.

Nililia pale pale mezani. Madamu hakunishika wala hakunibembeleza, alisogeza tu karatasi zisilowe.

Alikuja nami Nosy Be mwenyewe. Angeweza kutuma barua. Alisema aliyetoa hukumu ya kwanza ni yeye, na atakayeifuta ni yeye.

Ofisini kwa mkuu wa kituo tulikuwa mkuu, Justin, Mjomba, Madamu na mimi. Mjomba alikuja na kanzu safi na kofia, kama anaenda kuposa. Alikuwa amekonda. Madamu akatandika grafu, akaeleza kwa Kimalagasi chepesi, akasema waziwazi kwamba kipimo chake cha mwanzo kilikuwa kwa dawa isiyo sawa na kwamba mzee huyu hakuiba. Mkuu wa kituo akaomba radhi. Justin aliangalia sakafu.

Nilitegemea Mjomba atafurahi. Atasema alhamdulillahi, atanikumbatia. Hakufanya hivyo. Alikuwa ameinamia karatasi anafuata mstari kwa kidole. Kisha akaniuliza kwa Kikomoro, taratibu:

"Kwa hiyo ningetia maji siku ile ile ilipofika, ingebaki na nguvu?"

Nikamwambia ndiyo, Mjomba.

"Na kamba wasingeoza."

Yeye mwenyewe alishajua.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumsafisha mtu na kumfariji ni vitu viwili. Tulikuwa tumemtoa kwenye wizi, na papo hapo tumemwambia kwamba kile alichokishika maisha yake yote kama uaminifu ndicho kilichoharibu mzigo. Alikaa na hilo siku kadhaa. Hakula vizuri. Mkewe akaniuliza kama tumemwonea tena huko ofisini.

Ijumaa ikafika. Mimi nilikuwa nyumbani kwao na wanawake, haya niliyasimuliwa na waliokuwepo. Baada ya sala Mjomba alisimama. Msikiti mzima ukamgeukia, maana walijua anaenda kuapa. Mzee mmoja akanyanyuka kuleta Msahafu. Mjomba akamwashiria akae.

Akasema: "Ndugu zangu, mlikuwa mnangoja niape kwamba sikutia maji. Leo sitaapa. Nimesimama kuwaambia kwamba kuanzia kesho nitatia, na mje mtazame."

Walioelewa walikuwa wachache. Waliobaki walidhani mzee amechanganyikiwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwepo kwa macho yangu. Pipa jipya lilikuwa limefika na meli tuliyokuja nayo. Mjomba akafungua milango yote ya stoo. Wafanyakazi wakajaa, hata wamama wa kumenya kamba wakaacha meza zao. Pipa kubwa tupu likawekwa katikati, sehemu moja ya dawa ikamiminwa ndani. Bado maji.

Mjomba akashika ndoo. Akasema bismillahi. Akainyanyua mpaka mdomoni mwa pipa, akasimama.

Hakuweza.

Niliona ndoo inayumba, maji yanamwagikia kanzuni. Miaka sitini ya maziwa ya babu ilikuwa imemshika viganja. Hakuna aliyecheka. Nilitaka kwenda kumsaidia lakini nikaona si mahali pangu, mimi wa grafu nilishamaliza kazi yangu.

Aliyetoka kwenye umati ni Justin. Hakusema samahani. Alishika upande wa pili wa ndoo. Wakainamisha pamoja, maji yakaingia.

Kisha Justin akaenda bombani kujaza ya pili.

Mjomba alifanya kazi ile mpaka alipostaafu. Kila pipa lililofika alilitia maji siku hiyo hiyo, milango wazi, na hakuanza mpaka Justin awepo. Nyumbani kwake lakini, ukienda, maziwa ulipewa mazito vile vile, hayajaguswa.

Kijana wa kemia, hilo ndilo jibu langu kwako. Ile order unayoichukia inakuuliza swali moja tu: kitu hiki kinaharibika namna gani kikiwa kingi, na namna gani kikiwa kidogo? Usipouliza, utachukua kipimo cha kitu chepesi uhukumu nacho kizito, na hesabu yako itakuwa safi kabisa, na mtu atakuwa ameitwa mwizi. Na chora zaidi ya nukta mbili.

Mimi nimemaliza, chai imepoa. Kama na wewe uliwahi kuona mtu mwaminifu akiponzwa na uaminifu wake, au wewe ndiye uliyeshika upande wa pili wa ndoo, njoo utusimulie hapa chini. Wenye kusahihisha kemia yangu nao karibuni, ila mje na data.